Gari lisilo na ponti halina freni

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu pamoja na watoto,

Watu husema: ajali haina kinga. Mimi nakataa. Ajali za gari lililoinuliwa zina kinga, na kinga yenyewe ni vipande vichache vya chuma na vya mbao.

Leo tuzungumze juu ya kazi moja nzito: kuondoa ponti ya nyuma ya gari na kuweka nyingine. Nachukua mfano wa mafundi wa mbio za magari huko Marekani, kwa sababu vijana wetu wa kambi wanawatazama kwenye simu na kuwapenda sana. Wanaona moshi wa pine, wanasikia moteri ikilia, kisha wanasema: watu hawa ni wazimu, hawaogopi kitu. Nasema hapana. Fundi mzuri wa mbio anaogopa kuliko sisi. Ndiyo sababu anafika uzee.

Tuangalie gari moja wanalolipenda: Ford Mustang yenye moteri V8 ya lita 5, ya miaka ya 1987 hadi 1993. Uzito wake ni kilo 1,400 hivi, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayolisukuma. Ponti yake ya kiwandani ni ya inchi 8.8, maana yake kurona, lile gurudumu kubwa la meno lililo ndani, lina upana wa milimita 223 hivi. Kwa safari za barabara inatosha. Lakini mwenye gari akiongeza nguvu ya moteri na kufunga pine pana zinazonata, nguvu yote inapita kwenye ponti kwa ghafla, pale mbio zinapoanza. Kilicho dhaifu huvunjika. Mara nyingine ni shafti, kile chuma kirefu kinachozungusha gurudumu.

Sasa sikiliza vizuri. Katika ponti hiyo shafti inashikwa ndani, katikati ya ponti, kwa kipande kidogo cha chuma chenye umbo la herufi C. Shafti ikivunjika, kile kipande cha nje hakina tena cha kukishika. Gurudumu laweza kutoka pamoja nacho, gari likiwa bado mbioni. Kwa sababu hiyo wengi huondoa ponti nzima na kuweka ile ya Ford ya inchi 9, iliyoanza kutumika mwaka 1957. Ndani ya hiyo, shafti inashikwa kwa nje, karibu na gurudumu, kwa sahani yenye buloni nne. Na pinyo, lile gurudumu dogo la meno linalopokea nguvu ya kardani, linabebwa na rulema tatu.

Chama kikubwa cha mbio hizo, NHRA, kilichoanzishwa mwaka 1951, kina sheria juu ya jambo hili. Gari kama hili likimaliza mita 402 kwa sekunde 10.99 au chini yake, lazima liwe na shafti zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na kifaa cha kuzuia shafti isitoke. Ukikosa, hukimbii. Je, hao ni wazimu? Ni watu waliojiuliza mbele: kitu hiki kikivunjika, nini kitafuata?

Swali hilohilo ndilo nataka uingie nalo chini ya gari lako siku ya Yenga.

Gari lililosimama linashikwa na nini? Na freni ya mkono, na vitesi, na uzito wake juu ya pine nne. Haya, anza kuondoa ponti ya nyuma ya gari linalosukumwa kwa nyuma. Unainua nyuma: pine mbili zimeacha chini. Freni ya mkono, katika magari mengi, inashika magurudumu ya nyuma: ukiwa umeyainua, hayashiki kitu. Unafungua kardani: vitesi navyo havishiki kitu, hata ukiweka ya kwanza. Umefungua buloni nne tu, na gari limepoteza vizuizi vyake vyote. Limebaki juu ya magurudumu mawili ya mbele, yanayozunguka bure. Na wewe uko chini yake.

Kwa hiyo kabla ya kriki, weka kale kwenye magurudumu ya mbele, mbele na nyuma ya kila pine. Kale ya mbao ngumu au ya chuma. Jiwe la mviringo si kale. Na kazi hii ifanywe mahali palipo sawa na pagumu, si juu ya mchanga, si kwenye mteremko wa uwanja.

Jambo la pili. Mafundi wengi wamezoea kuweka shandeli chini ya ponti, kwa sababu ni chuma kinene na kiko karibu. Lakini leo ponti ndiyo unayoiondoa! Shandeli zisimame chini ya shasi, mahali penye nguvu, mbili, moja kila upande. Kisha tikisa gari kwa mikono, kwa nguvu, ungali nje. Ikiwa litaanguka, lianguke wakati hakuna mtu chini. Kriki ni ya kuinua tu. Mafuta yake yakivuja, haitakuomba ruhusa. Na matofali ya simenti yenye matundu hupasuka kwa ghafla, bila kulia kwanza.

Jambo la tatu. Ponti kamili ya inchi 9 inapita kilo 70. Iwekee kriki ya pili chini yake kabla ya kufungua amortisa, kwa sababu hizo ndizo zinazoizuia isishuke. Ukizifungua bila kriki, ponti inaanguka na resori zinaruka. Ishushe polepole mpaka resori zilegee. Muwe watu wawili, na mmoja tu ndiye atoe amri. Buloni ikiwa ngumu, usiivute kwa chuma kirefu kuelekea pembeni mpaka gari lisogee juu ya shandeli. Na usilete shalumo: katika Mustang hiyo tanki la petroli liko nyuma tu ya ponti.

Jambo la nne ni la wale wenye ponti yenye blokaji, ambayo madereva wa malori na wa magari ya machimbo wanaijua. Mafundi wa mbio nao wanaitaka, ili magurudumu yote mawili yasukume. Gari la namna hiyo usilijaribu kwa kuinua gurudumu moja tu. Ukiwasha na kuweka vitesi, lile lililogusa chini litasukuma gari, nalo litaruka kutoka juu ya kriki.

Jambo la tano ni la kifua chako. Vumbi la freni za zamani laweza kuwa na amianti. Usilipulize kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Lilowanishe kwa maji, lipanguse kwa kitambaa, kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Na nguo ya kazi hiyo isichanganywe na nguo za watoto wakati wa kufua. Sisi watu wa machimbo tumekwisha kujua vumbi linafanya nini ndani ya mapafu. Hatuna haja ya kulitafuta nyumbani.

Mwisho wa kazi: mimina mafuta mapya ndani ya ponti, toa hewa yote katika freni, kaza buloni kwa kipimo. Kanyaga freni mpaka iwe ngumu, kabla gari halijasogea hata mita moja. Zunguka kidogo, rudi, kaza tena buloni za magurudumu. Ponti mpya ikiwa na nguvu lakini freni ina hewa, umetengeneza nini?

Sasa niseme lililo moyoni. Ndani ya atelieri, hakuna kati yetu anayeingia chini ya lori lililoinuliwa bila kale na bila shandeli. Kapita ataona, mtu wa usalama ataona. Lakini jioni tunavua kofia ngumu, na inaonekana akili nayo tunaiacha pale mlangoni. Siku ya Yenga mfanyakazi yuleyule, mwenye miaka mingi ya kazi, analala chini ya gari lake juu ya kriki moja na tofali. Ukimuuliza, anajibu: ni dakika tano tu. Uzito wa gari hauhesabu dakika.

Najua jibu lingine: shandeli ni bei, na mshahara una kazi nyingi. Jibu hilo si la uongo, na sitalicheka. Kwa hiyo nasema na wakubwa wa atelieri pia. Mfanyakazi anayetaka kutengeneza gari lake siku ya mapumziko akopeshwe shandeli mbili na kale nne, jina lake liandikwe kwenye daftari, azirudishe asubuhi ya kazi. Chuma hicho siku hiyo kimelala bure ndani ya stoo. Mtu akivunjika mgongo nyumbani, ekipi imempoteza sawasawa na aliyevunjika kazini, na nyumba yake imempoteza zaidi. Mkiona taabu kukopesha, basi majirani wanne wachange wanunue pamoja. Tunachangia vilio; tuchangie basi kitu cha kuvizuia.

Na wewe mama, una mamlaka katika jambo hili. Ukimwona baba watoto chini ya gari, tazama: magurudumu ya mbele yana kale? Shandeli ziko wapi? Usipoziona, muite atoke, hata akinung'unika. Umwambie chakula ni tayari, umwambie lolote, mradi atoke kwanza. Watoto wasicheze karibu na gari lililoinuliwa, wala wasikae ndani yake kushika usukani.

Kijana, unawapenda mafundi wa mbio? Vizuri. Basi waige katika yale wanayofanya kabla moteri haijalia.