Usiache Mbachao: Tuziokoe Kanda za Video

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nina swali moja tu kwako: je, kwenu kuna kanda ya video? Usicheke! Angalia juu ya kabati, au ndani ya lile sanduku la nyanya. Maoni yangu ni kwamba kanda hizo zinakufa huku tukiziangalia tu.

Wengine wetu hudhani sinema ilianzia kwenye simu. La hasha! Wafaransa wawili, Auguste na Louis Lumière, walionyesha sinema kwa watu waliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Kwa miaka mingi baadaye, aliyetaka sinema ilibidi aifuate. Kisha mwaka wa 1976 kampuni ya JVC ya Japani ikaleta kanda za VHS, na sinema ikaingia sebuleni. Afrika nayo ilifaidika. Mwaka wa 1992 Wanijeria walitoa filamu ya Living in Bondage kwa kanda hizo, na biashara yao ya filamu ikashika kasi ajabu.

Lakini kanda hazikuleta filamu za watu wa mbali tu. Zilituweka na sisi ndani ya runinga! Hapa West Indies, walioweza walikodi mpiga video siku ya harusi. Nyanya yangu ana kanda mbili za harusi ya shangazi, ya mwaka wa 1998. Humo babu anatoa baraka. Mimi sikumkuta babu. Alifariki kabla sijazaliwa.

Deki yetu iliharibika zamani ikauzwa kama chuma kuukuu. Mwaka jana, tukihama nyumba, mjomba alisema, "Tupa hizo takataka." Nyanya alinyamaza tu, akazifunga kwa leso. Nilipoona hivyo nikazipeleka kwa fundi mjini. Ya kwanza ilikuwa imeota kuvu, haikufaa kitu. Ya pili ilicheza, picha ikitetemeka, na babu akaongea dakika nne. Kumbe sauti yake ni kama ya baba! Nyanya aliomba irudiwe mara tatu. Lakini baraka zenyewe zilianza kwenye ile kanda ya kwanza. Mwanzo wake hatutausikia kamwe.

Ndiyo maana nasema tuharakishe. Picha ya VHS huhifadhiwa kwa sumaku juu ya utepe mwembamba. Sumaku hiyo hufifia, na unyevu huleta kuvu. Mashine nazo zinaisha: Funai ya Japani, iliyojulikana kuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha Julai 2016. Tena kunakili hakuna njia ya mkato. Kanda ya saa mbili huchukua saa mbili kuingia kwenye kompyuta.

Najua wapo watakaosema, "Ah, hayo ni ya wazee, sisi tuna simu." Sawa, lakini ni wangapi kati yetu wamepoteza simu na picha zote zikaenda nayo? Asiyejua kutunza cha babu atatunzaje chake?

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, likizo hii kila mmoja aulize nyumbani kanda ziko wapi, na aandike juu yake ni za nini na za mwaka gani. Pili, ziwekwe mahali pakavu, na yenye kuvu isitiwe kwenye deki, itaichafua na kuharibu nyingine. Tatu, chama chetu cha Kiswahili kitafute deki moja nzima. Walimu wetu wapendwa, hapo tunawaomba mkono. Tukinakili, tutasikia pia Kiswahili walichosema wazee wetu karamuni, ambacho hakimo katika kitabu chochote.

Chelewa chelewa, utapata mwana si wako. Mimi nilichelewa kwa kanda moja. Wewe je?