Kiboko Mlinzi wa Akina Mama

Kiboko wamjua: hupindua mitumbwi na kuua watu. Lakini wanawake wa Misri ya kale walivaa shingoni kisanamu cha kiboko jike mwenye mimba, amesimama wima kwa miguu miwili. Huyo ni Taweret, mungu wao wa kike aliyelinda waja wazito. Mbona mkali hivyo? Kwa kuwa kiboko mwenye mtoto hasogelewi! Mwenziwe, Bes, kibete mwenye uso wa simba na ulimi nje, alichongwa hata vitandani kufukuza mabaya.

Tusiwacheke. Wengi wao walikufa wakijifungua. Miungu ile imepita, hofu ya mama ingalipo. Basi, ewe baba, mpeleke mkeo zahanati mapema. Usingoje uchungu uanze.