Macho ya Manjano na Maradhi ya Ukoo

Ziko koo ambazo babu alikufa kwa tumbo, baba akafuata, na sasa kijana naye anatokwa na damu aendapo haja kubwa. Jirani hulaumiwa kwa uchawi. Kumbe huenda yakawa ni maradhi ya kurithi.

Maradhi hayo huotesha vijinyama ndani ya utumbo mpana, mamia hata maelfu, tangu utotoni au ujanani. Chanzo chake ni hitilafu katika jeni iitwayo APC, iliyotambuliwa na wataalamu mwaka 1991. Mzazi mmoja akiwa nayo, kila mtoto, wa kike au wa kiume, ana nafasi 50 katika 100 ya kuirithi. Asipotibiwa, karibu kila mgonjwa hupata saratani ya utumbo mpana, na wengi kabla ya kutimiza miaka 50. Kwa sababu hiyo madaktari huukata utumbo huo mapema.

Baada ya kupasuliwa, wengi hudhani hatari imekwisha. Haijaisha. Vijinyama huota pia mwanzoni mwa utumbo mwembamba, hasa pale mfereji wa nyongo unapoishia. Kimoja kikigeuka saratani, huweza kuuziba mdomo wa mfereji huo. Nyongo itokayo kwenye ini hukosa njia, ikarudi katika damu. Macho huwa ya manjano, mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi, choo hupauka, na ngozi huwasha. Uonapo dalili hizo, nenda hospitali upesi, wala usijitibu malaria nyumbani.

Hata hivyo, si vema kungoja manjano. Kijinyama hukua kimyakimya. Mwenye maradhi haya huanza kuchunguzwa utumbo mpana akiwa na umri wa miaka 10 hadi 12. Afikapo miaka 20 hadi 25, hupitishiwa mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, ili daktari autazame mdomo wa mfereji wa nyongo. Uchunguzi huo hurudiwa maisha yote, hata kama utumbo mpana umekwisha kuondolewa.

Wazazi, mficha maradhi kilio humfichua. Jamaa wakusanyikapo, waulizeni wazee: nani katika ukoo alikufa kwa tumbo, na akiwa na umri gani? Yaandikeni majibu, mkampe daktari. Karatasi hiyo yaweza kumwokoa mjukuu.