Msimwite Mkaidi Mtoto wa Miaka Miwili



Kuna neno limezoeleka majumbani nasi tunalipinga waziwazi: "Huyu mtoto mkaidi, haambiliki." Ukiuliza umri wake, unaambiwa miaka miwili! Ukaidi ameujulia wapi? Mama yuko jikoni anapepea makaa, mtoto yuko uani, anapigiwa kelele: "Acha hiyo, njoo huku, vaa viatu, mwambie kaka yako alete maji!" Maagizo manne kwa pumzi moja, nusu Kiswahili nusu Kirundi, kisha akiduwaa anachapwa. Kwa kosa gani?

Wataalamu wa ukuaji wa watoto wanasema kufikia miezi 18 wengi hufuata agizo moja jepesi bila kuonyeshwa kwa mkono, na mawili yanayofuatana kufikia miaka 2 na nusu. Basi mwendee, chutama, mtazame usoni, sema moja tu: "Lete kikombe." Ngoja. Akileta, mshukuru. Lugha mbili hazimdhuru. Nyumba iliyozoea "ngwino" iendelee na "ngwino" yake. Na asiyegeuka kila akiitwa kwa nyuma, apelekwe akapimwe masikio kabla ya kuhukumiwa.

Mtume (S.A.W.) alipomwona Umar bin Abi Salama, aliyelelewa nyumbani kwake, mkono ukizunguka sahani nzima, alimwelekeza palepale kwa maneno machache: amtaje Allah, ale kwa mkono wa kulia, ale cha mbele yake. Naye alikuwa mkubwa kuliko hawa wetu.

Wanaotuletea hoja ya fimbo waisome hadithi yao vizuri. Aliyoipokea Abu Daud inataja kuamrishwa swala kwenye miaka 7, na adhabu haikutajwa mpaka miaka 10. Hii ya miaka miwili imetoka wapi?

Linalotuudhi zaidi ni uongo. "Njoo nikupe ndizi," akija anakamatwa, anaogeshwa, ndizi hakuna. Mama mmoja alimwita mwanawe kwa ahadi kama hiyo, Mtume (S.A.W.) akamuuliza atampa nini. Akasema tende. Akaambiwa kwamba asingempa kitu, angeandikiwa uongo. Sasa tuulize: mtoto aliyedanganywa hivyo mara tano, siku anakaribia barabara na malori yanakuja kutoka Kobero, mama akiita "njoo!", atageuka?