Mimi si Nesi Wenu

Tunapofungua Mobile Legends usiku hapa hosteli, watano dhidi ya watano, hakuna anayeniuliza nitacheza nani. Wavulana wanne hugawana wapiganaji kama watu wanaogawana nyama, kisha mmoja husema, "Dada, wewe nesi." Basi nachukua Angela au Rafaela. Tukishinda, husifiwa aliyeua wengi. Tukishindwa, "Nesi alikuwa wapi?"

Nianze na neno lenyewe, maana sisi ni wanafunzi wa lugha. Anayeponya wenzake angeweza kuitwa mganga, au tabibu. Hapa Kampala tunalo hata neno la Kiganda, musawo, linalomfaa daktari na mganga wa mitishamba pia. Wenzangu wanayajua yote. Lakini mganga anaogopwa na tabibu anaheshimiwa, kwa hiyo wakachagua neno ambalo kwao lina maana ya mwanamke wa kutumwa. (Manesi nao wana haki ya kuudhika, anayewadhania hivyo hajawahi kulazwa.) Mvulana mmoja alipomchukua Estes, mponyaji vilevile, hakuitwa nesi. Aliambiwa ana akili ya mchezo.

Wanasema kuponya ni rahisi, na kwamba wasichana tumezaliwa na huruma. Huruma haina kazi hapa. Ukishautumia uwezo wa kuponya, lazima usubiri sekunde kadhaa kabla ya kuutumia tena. Ukimpa aliyekwaruzwa, anayekufa hatapata kitu. Inabidi nijue nani atashambuliwa kabla hajashambuliwa. Wahenga waliposema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo, walikuwa wanaeleza kazi yangu. Angela anaweza kuruka hadi kwa mwenzake aliye pembe nyingine kabisa ya ramani akamkinga. Ili afike kwa wakati, lazima niitazame ramani yote, huku mwenye upanga akimtazama adui mmoja aliye mbele yake. Na kama kazi hii ni nyepesi, mbona wapinzani hutumia dhahabu yao kununua vifaa kama Sea Halberd, vinavyopunguza nguvu ya uponyaji?

"Lakini wasichana wenyewe ndio wanaowachagua waponyaji!" Ni kweli, wengi wetu tunawachagua. Muhula uliopita nilijaribu kucheza muuaji. Nilipokufa mara ya pili nikaambiwa nirudi jikoni. Mvulana aliyekufa mara sita katika mchezo uleule aliambiwa pole, mtandao ni mbaya. Kesho yake nikarudi kwa Angela. Aliyeniona alidhani nimechagua, kumbe nilikuwa nakimbia matusi.

Watengenezaji wa michezo nao wamechangia. Rafaela ni malaika, na Mercy wa Overwatch, mchezo uliotoka mwaka 2016, ni daktari mwanamke mwenye mabawa. Hata hivyo Overwatch hiyohiyo ina Lúcio, mwanamume wa Brazili anayeponya kwa muziki, na Ana, mama wa Kimisri anayeponya kwa risasi kutoka mbali. Kumbe wanajua kwamba kuponya hakuna jinsia.

Walioniudhi zaidi, lakini, ni wanaonitetea. Wasichana wenzangu wawili wamenishauri niache kabisa kuponya, nishike upanga, ili wavulana waone kwamba naweza. Yaani nao wameshakubali kwamba kuponya ni kazi duni, wanachotaka tu ni kuwaachia wengine. Mimi nakataa. Napenda kuponya. Napenda ile nusu sekunde ambapo mtu aliyekwisha kukata tamaa anasimama tena.

Kwa hiyo nawaambia wanne wangu, ambao najua watausoma ukurasa huu: kabla ya kugawana, niulizeni nami nataka kucheza nani. Zamu ya kuponya ipite kwa kila mmoja wetu, nanyi mkiwemo. Nikijibu "Angela", mjue nimemtaka. Na nikisema rudini nyuma, rudini, kwa sababu ninayeiona ramani ni mimi.