Kila Picha ya Mtoto Iandikwe

Mtaalamu wa eksirei huvaa kifuani kibandiko kidogo cha kupimia mionzi. Kila baada ya muda kibandiko hicho hukusanywa na kusomwa, na kiasi cha mionzi kilichomfikia huingizwa katika kumbukumbu zake. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa mfanyakazi wa aina yake ni wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na anayekikaribia lazima aulizwe kulikoni. Ni utaratibu mzuri, umeokoa afya za wengi. Lakini mtoto aliyelazwa mezani, ambaye ndiye mionzi inampitia mwilini, hana kibandiko wala daftari. Kitabu cha hospitali kitaonyesha kwamba siku ile alipigwa picha. Hakitaonyesha kama hiyo ni picha yake ya kwanza tangu azaliwe au ni ya sita.

Toleo hili linamhusu mtoto huyo. Tumechagua kumtazama akiwa Migori na Homa Bay, kaunti mbili jirani upande wa kusini wa Ghuba ya Winam, kwa sababu huko magonjwa yanayodai picha ni mengi, na mashine za kisasa zimefika kabla ya desturi ya kuzitumia kwa hesabu. Hoja yetu ni hii: mtoto anayehitaji picha aipate bila kucheleweshwa, ipigwe kwa kipimo cha mtoto, na kila picha iandikwe katika kijitabu cha kliniki anachotembea nacho mama.

Kwamba mionzi ya hospitali inaweza kumletea mtoto saratani si habari ya jana. Mwaka 1956 daktari Alice Stewart wa Oxford alitangaza matokeo ya kwanza ya uchunguzi wake nchini Uingereza. Aliwahoji akina mama waliofiwa na watoto kwa saratani, akawahoji pia wenye watoto wazima. Akakuta kwamba waliopigwa eksirei wakiwa wajawazito walikuwa karibu mara mbili zaidi miongoni mwa waliofiwa. Wakubwa wa taaluma walimpinga kwa miaka mingi. Ushahidi ulipozidi kurundikana, desturi ikabadilika, na leo mimba huchunguzwa kwa altrasaundi, ambayo hutumia mawimbi ya sauti na haina mionzi ya kudhuru seli.

Kisha ikaja CT skani katika miaka ya 1970, mashine inayopiga picha nyingi kwa kuuzunguka mwili na kumwonyesha daktari kile ambacho zamani kilionekana kwa kisu tu. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya kuwafuatilia watu karibu 180,000 waliopigwa CT kabla ya kutimiza miaka 22, na wakaona kwamba kipimo cha jumla cha miligrei 50 hivi kwenye uboho huweza kuongeza hatari ya saratani ya damu karibu mara tatu. Mwaka 2023 utafiti mkubwa wa nchi tisa za Ulaya, wenye vijana na watoto karibu 950,000, ulikadiria kwamba kati ya kila watoto 10,000 wanaopigwa CT, mmoja au wawili watapata saratani ya damu kwa sababu ya mionzi hiyo katika miaka 12 inayofuata. Na mwaka 2025, utafiti wa watoto milioni 3.7 wa Marekani na jimbo la Ontario, Canada, ulikadiria kwamba saratani moja kati ya kumi za damu na uboho katika kundi hilo ilitokana na mionzi ya picha za hospitali.

Mtoto yuko hatarini kuliko mtu mzima kwa sababu tatu. Seli zake zinagawanyika kwa kasi, na seli inayogawanyika huumia upesi. Ana miaka mingi mbele, hivyo dhara lililopandwa leo lina muda wa kukua. Tena mwili wake ni mdogo: mashine ikiachwa kwenye kipimo cha baba yake, viungo vyake vya ndani hupokea mionzi inayozidi mno ile inayotosha kutoa picha safi.

Hata hivyo picha hazilingani, na msomaji asizitie zote katika kapu moja. Ardhi, anga na chakula humpa kila binadamu wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka. Eksirei moja ya kifua ni kama milisivati 0.02, yaani sawa na siku tatu za mionzi hiyo ya kawaida. CT ya kichwa ni karibu milisivati 2, kiasi cha miezi kumi. CT ya tumbo huweza kufikia miaka kadhaa. Mama anayeogopa eksirei ya kifua ya mtoto mwenye nimonia anaogopa kitu kidogo mbele ya hatari kubwa. Wa kutazamwa kwa makini ni mtoto wa CT, na mtoto wa picha zinazorudiwa.

Na watoto wa Migori na Homa Bay wana sababu nyingi za kupigwa picha. Selimundu ni ugonjwa wa nyumba nyingi katika ukanda wa ziwa, na kila mtoto wake anapobanwa na kifua au homa ya mifupa hupelekwa kwenye eksirei. Kifua kikuu kipo, na mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi ya kupimwa, kwa hiyo picha humsaidia daktari kuamua. Zipo ajali za bodaboda katika barabara kuu ya Kisii hadi Isebania. Ipo pia saratani yenyewe. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali, na ramani waliyopata ilifuata maeneo ya joto na mvua, ambayo ndiyo maeneo ya malaria. Nyanza imo ndani ya ramani hiyo hadi leo. Uvimbe wa Burkitt huweza kukua maradufu kwa siku chache, na mtoto akiwahi, dawa humponya. Ukimnyima picha kwa kuhofia mionzi, umemwacha na saratani aliyo nayo tayari ili kumkinga na ile ambayo huenda asiipate kamwe.

Kwa hiyo hatari ina pande mbili, na busara ya daktari hupimwa katikati. Mara nyingi njia isiyo na mionzi ipo karibu. Uvimbe wa Burkitt ulioshuka tumboni, kwenye figo, ini au ovari, huonekana kwa altrasaundi. Mtoto wa selimundu anayeweza kupata kiharusi hutambuliwa kwa altrasaundi ya mishipa ya kichwa. Aliyeanguka kutoka kwenye mwembe au bodaboda si lazima apelekwe CT siku hiyo hiyo: utafiti wa Marekani wa mwaka 2009, uliokusanya watoto 42,412 walioumia kichwa, ulionyesha kwamba wenye jeraha zito la ubongo hawakufikia hata asilimia moja, na kwamba kwa dalili za wazi daktari anaweza kujua nani wa kupigwa picha mara moja na nani wa kuangaliwa kwa saa kadhaa. Aliyepotewa na fahamu, anayetapika mfululizo au anayelalamikia maumivu makali ya kichwa hawekwi pamoja na anayelia kwa sababu ya nundu ya kwenye paji la uso.

Mashine zilikuja kwa wingi baada ya mkataba wa mwaka 2015, ambapo serikali ya kitaifa ilikodi vifaa kwa ajili ya hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na hospitali za kitaifa. Eksirei za kidijitali zilikuwa miongoni mwao. Ni neema kubwa kwa mgonjwa ambaye zamani alilazimika kusafiri hadi Kisii au Kisumu. Lakini mashine hizi zina jambo moja ambalo kila anayezitumia anapaswa kulikumbuka. Katika filamu ya zamani, mionzi ikizidi, picha ilitoka nyeusi, na mpigaji alijua papo hapo kwamba amekosea. Kwenye mashine ya kidijitali, kompyuta huirekebisha picha, na mionzi ikizidi picha huwa nzuri zaidi. Kosa halijionyeshi tena. Kipimo huweza kupanda kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, na hakuna anayelalamika kwa sababu daktari anafurahia picha zinazong'aa. Ndiyo maana kipimo cha mtoto hakiwezi kuachiwa jicho. Lazima kiwe kimeandikwa ukutani kwa uzito na umri, na kikaguliwe.

Jambo la pili ni safari ya rufaa. Mtoto huanzia zahanati, akaenda hospitali ya kaunti ndogo, akapelekwa Migori au Homa Bay mjini, pengine akafika hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga huko Kisumu. Barua ya rufaa husafiri naye. Picha mara nyingi hubaki nyuma, ama kwenye kompyuta ya hospitali aliyotoka, ama nyumbani chini ya godoro. Anapofika, hupigwa upya. Picha hiyo ya pili haimwambii daktari jambo jipya. Inamgharimu mzazi pesa, inamgharimu mtoto mionzi, na mashine iliyo na foleni inapoteza nafasi ya mtoto mwingine.

Kuna neno la kusemwa pia kuhusu ardhi yenyewe. Vilima vya Ruri na eneo la Lambwe Mashariki, katika Kaunti ya Homa Bay, vina miamba ya volkano ya kale yenye madini ya thoriamu, na wanafizikia wa Kenya walichapisha mwaka 2012 vipimo vinavyoonyesha kwamba mionzi ya asili hapo iko juu kuliko kawaida. Mtoto wa Lambwe hakuchagua mawe aliyozaliwa juu yake, wala sisi hatuwezi kuyahamisha. Picha ya hospitali ni tofauti kabisa, kwa sababu hiyo tunaichagua sisi watu wazima kwa niaba yake, na tunachokichagua tunawajibika kukitolea sababu.

Tunajua jibu ambalo wauguzi na maafisa wa kliniki wengi watatupa: wodi zimejaa malaria, dawa hazitoshi, na ninyi mnazungumzia mtoto mmoja kati ya elfu kumi. Tunaheshimu jibu hilo kwa sababu linatoka kwa watu wanaobeba mzigo. Lakini tazama tunachokiomba. Kuandika tarehe na kiungo kilichopigwa picha huchukua nusu dakika. Kutafuta picha ya zamani kabla ya kupiga mpya huokoa muda na pesa. Kupunguza kipimo cha mashine hakuhitaji bajeti yoyote. Tena takwimu tulizozitaja zilipatikana Uingereza, Ulaya na Amerika ya Kaskazini kwa sababu huko kila picha ya mtoto iliandikwa, ikahifadhiwa, na miaka kadhaa baadaye ikawezekana kuilinganisha na orodha za wagonjwa wa saratani. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sisi tuna mali gani kuliko watoto?

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa afya wa kaunti hizi mbili mambo manne. Kwanza, kijitabu cha kliniki kiwe na ukurasa wa picha: tarehe, hospitali, kiungo, aina ya picha, na kipimo pale mashine inapokionyesha, kama CT inavyofanya. Kijitabu kisitupwe mtoto anapotimiza miaka mitano, maana Burkitt huwapata zaidi walio kati ya miaka mitano na kumi. Pili, fomu ya kuombea picha isipokelewe bila sababu ya kitabibu, na msichana aliyevunja ungo aulizwe faraghani na kwa heshima kama huenda ni mjamzito kabla ya kupigwa eksirei ya tumbo au nyonga. Migori na Homa Bay zote zilikuwa juu ya wastani wa kitaifa wa mimba za wasichana katika utafiti wa mwaka 2022, kwa hiyo swali hili si la kuonewa haya. Tatu, barua ya rufaa isihesabiwe kuwa kamili bila picha. Nne, Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, inapokagua leseni ya mashine iulize pia vipimo vya watoto viko wapi na vinafuatwa na nani.

Mzazi naye ana haki ya kuuliza: Daktari, picha hii itabadilisha nini katika matibabu? Altrasaundi haitoshi? Hii ya mwezi uliopita haifai? Akijibiwa kwamba picha inahitajika, akubali papo hapo, wala asimrudishe mtoto nyumbani.

Mwezi Septemba mwaka 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa Kenya huko Ndhiwa, Homa Bay, na Migori ikawa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuipokea. Kila sindano ya chanjo hiyo huandikwa tarehe yake katika kijitabu cha mtoto, na wauguzi wa kaunti hizi wameifanya kazi hiyo kwa uaminifu hata katika vituo visivyo na umeme. Wanaoweza kuandika sindano wanaweza kuandika picha. Kinachosubiriwa ni agizo la kaunti na ukurasa mmoja wa kuchapishwa, na hatuoni sababu ya mwaka huu kwisha kabla havijapatikana.