Ruhusa ya Sheria na Dhamiri ya Muumini

Hakuna mtu katika Wilaya za Tarime na Serengeti asiyejua kwamba bhangi hulimwa katika bonde la Mto Mara. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imekwisha kuingia huko zaidi ya mara moja na kuteketeza mashamba, wala kilimo hicho hakijakoma. Sheria ya mwaka 2015 inakataza kuilima, kuiuza na kuitumia. Lakini majirani zetu wanageuza mwendo. Mwaka 2018 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilimruhusu mtu mzima kuivuta faraghani. Mwaka 2020 Malawi ilihalalisha kilimo chake kwa ajili ya dawa na viwanda. Ng'ambo ya Sirari, nchini Kenya, jumuiya ya Marasta ilikwenda Mahakama Kuu mwaka 2021 kudai haki ya kuitumia katika ibada. Basi si mapema kuuliza: kama sheria yetu nayo italegezwa siku moja, je, muumini aitumie?

Wako wasemao kwamba Serikali ikiruhusu, dhambi imekwisha. Hoja hiyo haina miguu. Bia hutengenezwa kwa leseni na kutozwa ushuru, wala Mwislamu hajaiona kuwa halali kwake kwa sababu hiyo. Waadventista Wasabato, ambao ni wengi katika Mkoa wa Mara, hufundishwa wasinywe pombe wala wasivute sigara, ingawa vyote viwili huuzwa dukani mchana kweupe. Naye Mtume Paulo aliwaonya Wakorintho kwamba si kila kilichoruhusiwa kinafaa. Sheria humwambia raia lile ambalo hataadhibiwa kwalo. Haimwambii lililo jema.

Wengine hudai kwamba Mungu ndiye aliyeumba majani yote. Ni kweli, lakini ameumba pia majani yenye sumu, wala hatuyali. Tutofautishe dawa na ulevi. Hospitali humpa mgonjwa mofini apate nafuu ya maumivu makali, na hakuna shehe wala padre amwitaye mgonjwa huyo mlevi. Desemba 2020 Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya iliiondoa bhangi katika orodha ya dawa za hatari kupita zote, lakini ikaiacha chini ya udhibiti. Ikija kama dawa iliyopimwa na daktari, muumini hana la kuogopa. Akiivuta ili akili imtoke, hapo amefanya jambo jingine, liwe na leseni au lisiwe nayo. Ama Marasta, hoja yao ni ya ibada, na inastahili kusikilizwa mahakamani; lakini haiwezi kuwa kisingizio cha Mkristo au Mwislamu atafutaye starehe.

Hata hivyo, ugumu halisi katika bonde la Mara si moshi, bali ni fedha. Yuko mtu asiyevuta kamwe, ahudhuriaye ibada kila juma, na ada za watoto wake hutoka katika shamba lile. Sadaka yake nayo hutoka huko huko. Je, mchungaji aipokeeye sadaka hiyo na kunyamaza amehubiri nini? Wataalamu wa tiba wameonya kwamba kijana aanzaye kuitumia bhangi mapema, tena kwa wingi, hujiongezea hatari ya kuugua akili. Amuuziaye mtoto wa mwenzake hawezi kunawa mikono kwa kusema kwamba yeye mwenyewe havuti.

Lakini kumlaumu mkulima peke yake ni kazi rahisi isiyo na faida. Milima ya Tarime hutoa kahawa, ndizi na mahindi. Mazao hayo yakipata barabara na bei ya haki, maneno ya shehe na ya mchungaji yatapata masikio. Huo ni wajibu wa Serikali na wa vyama vya ushirika. Na wajibu wa viongozi wa dini ni kusema waziwazi sasa, maana wakinyamaza hadi siku ya ruhusa, kimya chao kitahesabiwa kuwa kibali.

Muumini angojaye Bunge limwambie lililo jema amekwisha kuikabidhi dini yake kwa wengine.